Kardinali Otunga alistaafu akaenda kuishi na wazee maskini. Kiongozi gani wa kanisa leo ataweza?

#1 Mwanakigango

Wakuu, habari za Jumapili.

Wiki iliyopita kwenye baraza la parokia tulikuwa tunapanga sifa za viongozi wapya wa jumuiya ndogo ndogo. Kila aliyesimama alianza na "awe mnyenyekevu". Nikauliza, huyo mnyenyekevu tunamtambuaje? Majibu: anaongea taratibu, hagombani na mtu, anakaa viti vya nyuma. Sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika.

Mfano wangu ni Maurice Otunga wa Nairobi, kardinali wa kwanza Afrika Mashariki. Baba yake alikuwa Chifu Sudi Namachanja wa Wabukusu, na kijana alitazamiwa kurithi kiti cha baba. Akakataa, akachagua upadre. Mwaka 1973 akapewa ukardinali. Alipostaafu hakuomba jumba wala msafara. Alihamia Nyumba ya Wazee kule Kasarani, kwa Masista Wadogo wa Maskini, akaishi na wazee ambao wengine hawana hata ndugu wa kuwatembelea. Aliondoka duniani 2003.

Hoja yangu: kiongozi akiwa bado kwenye kiti huwezi kumpima, maana kila mtu anamchekea. Mpime siku anapoachia. Leteni hoja zenu, na kama mna mifano ya Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, leteni pia.

#2 Ngoma Nzito

Nimeweka mkeka hapa. Endeleeni.

#3 Mjukuu wa Kashai

Mleta mada, sahihisho dogo kabla Wahaya wote hawajafika. Kardinali wa kwanza Afrika Mashariki ni Laurean Rugambwa, aliyeteuliwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960. Na si Afrika Mashariki tu, ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa kardinali katika zama hizi. Otunga ni wa kwanza kwa Kenya.

Hoja yako ni nzuri. Ila kwenye historia usiturukie namna hiyo.

#4 Sheria Kwanza

Nakubaliana na #3 kuhusu Rugambwa. Napingana na #1 kwenye hoja yenyewe. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 401, inamtaka askofu akitimiza miaka 75 awasilishe barua ya kujiuzulu kwa Papa. Kwa hiyo askofu Mkatoliki anayeachia kiti anatii sheria. Huwezi kumpa mtu sifa ya fadhila kwa kufanya kile ambacho asingekifanya angeulizwa kwa nini.

Kama unataka kuachia madaraka kwa hiari, sema Benedikto XVI. Februari 2013 alitangaza kung'atuka wakati hakuna sheria iliyomlazimisha. Kabla yake, papa wa mwisho kuachia kwa hiari yake kabisa ni Selestino V, mwaka 1294. Hapo nitakusikiliza.

#5 Mwanakigango

Mkuu Sheria, Otunga alizaliwa Januari 1923, akastaafu 1997. Piga hesabu. Hakungoja 75.

Halafu sheria inakwambia utoke ofisini. Haikwambii uende kulala wapi. Hicho ndicho nilichokileta hapa: alikokwenda baada ya kutoka.

#6 Moto wa Jioni

Shalom watumishi.

Mimi ni Mpentekoste na naona mnapima kwa mizani ya ofisi. Mtumishi wa Mungu ameitwa, hakuajiriwa. Musa alitumika mpaka miaka 120, na Kumbukumbu la Torati 34 inasema jicho lake halikupofuka. Na ni huyo huyo ambaye Hesabu 12:3 inasema alikuwa mpole kuliko wanadamu wote waliokuwa juu ya uso wa nchi. Sasa hapo kustaafu kuko wapi?

Baba yetu wa kiroho alianza na watu wachache chini ya mwembe. Leo ni kanisa kubwa. Mtu anakuja jana anasema aachie. Amwachie nani?

#7 Mzee wa Usharika

Kijana wangu Moto wa Jioni, umemsoma Musa vizuri lakini umeruka kurasa. Soma Hesabu 27. Musa mwenyewe ndiye aliyemwomba Bwana aweke mtu juu ya mkutano, ili wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Akamweka Yoshua mikono mbele ya kuhani na mbele ya watu wote. Watu walimjua mrithi wakati mzee angali hai. Hakuacha wanawe wakagombania jukwaa.

Rudi pia Kutoka 18. Mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, mgeni kabisa, alimtazama Musa akihukumu watu asubuhi hadi jioni, akamwambia: "Jambo hili ufanyalo si jema." Musa hakumuuliza amepakwa mafuta lini. Alisikiliza akafanya yote aliyoambiwa. Mimi unyenyekevu wa Musa nauona hapo kuliko penginepo.

#8 Mama Jumuiya

Shikamoo Mzee wa Usharika. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Mnaongelea makardinali na Musa. Mimi nawaongelea watu wa chini ambao ndio wanaohubiriwa hili somo kila mwaka. Kwenye semina za wanawake mada ni unyenyekevu. Kwa vijana wa kwaya, unyenyekevu. Katekista akiuliza kuhusu posho yake, anaambiwa awe mnyenyekevu. Sijawahi kuona semina ya wachungaji yenye mada hiyo ikaandaliwa na wanawake.

Tulikuwa na mwekahazina wa kigango (tawi la parokia), mama mmoja mpole wa kupindukia. Aliona fedha za ujenzi hazilingani na vifaa vilivyoletwa. Akauliza kikaoni kwa adabu zote. Akajibiwa mbele ya watu kwamba amekosa unyenyekevu, aombe radhi. Aliomba. Hesabu hazikujibiwa mpaka leo, na yule mama alihamia kanisa jingine. Kanisa simtaji, na aliyemjibu hivyo simtaji.

Andiko wanalopenda kutusomea ni 1 Petro 5:5, "ninyi vijana, watiini wazee". Wanaishia hapo. Mstari huo huo unaendelea: "Naam, ninyi nyote, jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana." Ninyi nyote! Na kabla ya kufika kwa vijana, Petro ameanza na wazee wenyewe. Mstari wa 3 anawaonya wasijifanye mabwana juu ya mitaa yao. Agizo lilianzia juu likashuka. Sisi tumelipindua.

Kwa hiyo kipimo changu si kustaafu. Nataka kujua kiongozi anafanya nini mtu mdogo anapomuuliza swali gumu mbele ya watu.

#9 Ngoma Nzito

#8 uwekwe juu kabisa ya uzi. Wasimamizi mko wapi?

#10 Dereva wa Noah

Naunga mkono #8 lakini nina kisa cha upande wa pili.

Mchungaji wetu wa zamani, mtu wa Mungu kweli, alikataa gari. Usharika ulichanga, gari likanunuliwa, halikuwa la anasa, ni la kawaida la kupanda milima. Akasema Yesu alipanda punda, likauzwa. Watu wakampigia makofi, wengine walilia. Mitaa yake, yaani makanisa madogo ya usharika, ilikuwa sita na mingine iko mbali mlimani. Misiba ikawa inasubiri, maiti iko uani na watu wamekaa juani mpaka mchungaji apate bodaboda au mtu wa kumsaidia. Mimi nilimpeleka mara nyingi bure. Siku mvua ikinyesha hakuna bodaboda anayepanda kule.

Najiuliza tangu wakati huo: ule unyenyekevu ulikuwa kwa faida ya nani? Aliyekataa kuoshwa miguu kwenye Yohana 13 ni Petro. "Wewe hutaniosha miguu kamwe." Yesu akamkatalia. Kupokea nako kunataka mtu ajishushe.

#11 Moto wa Jioni

Asante Dereva wa Noah, umesema kilichonishinda kusema. Watu wakimwona mtumishi ana gari wanamhukumu moyo. Moyo hauonekani kwenye kioo cha gari.

Mzee wa Usharika, nimesoma Hesabu 27. Nimekusikia. Ila Musa alimwomba Bwana amchague mrithi, na Bwana ndiye aliyemtaja. Hakupigiwa kura na halmashauri.

#12 Mjukuu wa Kashai

Moto wa Jioni, gari kubwa la askofu si tatizo kama taarifa ya fedha inasomwa kanisani. Tatizo ni pale gari linaonekana na taarifa haionekani.

Nirudi kwetu Bukoba, maana hili somo lina historia kwa Walutheri na Waanglikana wa ukanda wa ziwa. Uamsho wa Afrika Mashariki ulishika moto kule Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kiini chake kilikuwa kutembea nuruni: mtu anasimama mbele ya wenzake anataja dhambi yake kwa jina, awe daktari mzungu wa misheni au mpishi wake. Daktari Joe Church wa Gahini na Simeoni Nsibambi wa Buganda walikaa na Biblia moja kule Namirembe mwaka 1929 kama ndugu wawili. Mzungu na Mwafrika, wakati wa ukoloni! Wazee wetu wanasema hilo lilishangaza kuliko mahubiri yenyewe.

Askofu Josiah Kibira alitoka katika uamsho huo. Mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Kwa mtazamo wangu walokole wa uamsho ule walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna tena: kikundi ambacho askofu akiingia anakuwa ndugu fulani, na anaweza kuambiwa "hapo umekosea ndugu" na mkulima wa kahawa.

#13 Jirani wa Namirembe

Salamu kutoka Kampala.

Mjukuu wa Kashai, umeeleza vizuri ila usiwapambe walokole kupita kiasi. Bibi yangu alikuwa mlokole. Ungamo likawa nalo kipimo cha nani ameokoka zaidi. Waliotubu kwa sauti kubwa waliwaona wengine wamelala. Wakagawanyika wao kwa wao. Hata kujishusha mtu anaweza kukufanya ngazi.

Lakini ni uamsho huo uliomlea Janani Luwum, Askofu Mkuu wetu. Usiku wa Februari 5, 1977 askari wa Amin waliingia nyumbani kwake wakisema wanatafuta silaha. Maaskofu hawakunyamaza, waliandika barua ya kulalamika na kumpelekea Amin. Tarehe 16 mwezi huo huo Luwum akauawa, serikali ikasema ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere alikimbia na mkewe, wakavuka milima kwa miguu kuingia Rwanda, na baadaye ndiye huyo huyo aliyeandika kwamba anampenda Idi Amin, kwa maana ya kumsamehe.

Nalisema hili kwa wale wa "anaongea taratibu, hagombani". Luwum aligombana na rais wa nchi.

#14 Sheria Kwanza

Jirani, Luwum ni shahidi na namheshimu sana. Lakini huo ni ujasiri. Tukianza kuita kila jema unyenyekevu, hatutakuwa na cha kujadili. Nionyesheni unyenyekevu ulikuwa wapi kwenye ile barua.

#15 Jirani wa Namirembe

Ulikuwa kwenye sahihi, mkuu. Hakuandika peke yake kama shujaa. Waliandika pamoja maaskofu.

#16 Mto Ruzizi

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu.

Sheria Kwanza, kwetu huwezi kutenganisha hayo mawili. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliuawa hapa mjini Oktoba 29, 1996, vita vilipoingia. Wakubwa wengi walikuwa wameshakimbia. Yeye alibaki na watu na wakimbizi, na alikuwa amepiga kelele kwa barua na hotuba bila kuchoka. Mtu anayejiona wa thamani kuliko kundi lake anatafuta ndege. Yule hakujihesabu. Mimi naita hiyo unyenyekevu na ujasiri kwa pamoja, na sioni haja ya kuvipasua.

#17 Ngoma Nzito

Hapa mkeka umekuwa mdogo. Heshima kwako Mto Ruzizi.

#18 Milima Elfu

Mimi niongeze upande ambao watu hawapendi kuugusa: unyenyekevu wa kanisa zima, siyo wa mtu mmoja.

Rwanda, mauaji ya kimbari ya 1994. Watu waliuawa ndani ya makanisa, na wapo mapadre na wachungaji waliohusika. Maaskofu Wakatoliki walisoma tamko la kuomba msamaha makanisani Novemba 2016. Miaka 22 baadaye. Hata hapo msamaha ulielekezwa kwenye makosa ya waamini na watumishi, na maneno kwamba kanisa kama taasisi halikumtuma mtu. Serikali ikasema haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko alipokutana na Rais Kagame aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake.

Mtu mmoja mmoja anaweza kutubu vizuri sana jioni kwenye kikundi, kama alivyosema #12. Uamsho ulianzia kwetu Gahini. Haukutuzuia. Hilo linaniuma na sina jibu lake.

#19 Bundi wa Pugu

Milima Elfu, pole sana.

Nilete mlei. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu unaendelea. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, wakidai pia viongozi wanalipwa mno. Mwalimu akasema mishahara yetu kweli ni mikubwa, akapunguza wake kwa asilimia 20 papo hapo. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha na miiko ya viongozi. Huyo ni kiongozi aliyepokea shutuma akaanza na mfuko wake mwenyewe. Na 1985 akang'atuka. Mwanakigango, huyu anakidhi kipimo chako na cha #8 pia.

#20 Mama Jumuiya

Bundi, malizia hadithi. Siku hiyo hiyo aliwafukuza chuo wanafunzi karibu 400, wakarudishwa makwao. Mwalimu nampenda na nimelelewa na picha yake ukutani. Lakini kipimo changu kilikuwa: anamfanya nini aliyeuliza? Mshahara ulikatwa, na aliyeuliza akafukuzwa pia.

#21 Bundi wa Pugu

Hawakuuliza kwa adabu, mama. Bango lao mojawapo lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Kwa taifa la miaka mitano lile lilikuwa tusi.

#22 Mama Jumuiya

Adabu tena. Ndiyo neno aliloambiwa yule mwekahazina.

#23 Sauti ya Nne

Hamjambo. Mbona hakuna aliyemtaja Fransisko na miguu? Alhamisi Kuu ya kwanza ya upapa wake, 2013, aliosha miguu ya vijana wa gereza la Casal del Marmo, wakiwemo wasichana na Waislamu. Mwaka 2016 akabadili utaratibu ili wanawake nao waruhusiwe rasmi kuoshwa miguu. Aprili 2019 akawapigia magoti Salva Kiir, Riek Machar na viongozi wenzao wa Sudan Kusini, akabusu viatu vyao. Mzee wa miaka 82, anainuliwa na wasaidizi. Mimi nilitokwa na machozi.

#24 Sheria Kwanza

Ni ishara nzito, sikatai. Serikali ya umoja ikaundwa Februari 2020, na watu wa Sudan Kusini waliendelea kuuana. Mwenye kubusu alijishusha. Waliobusiwa walibaki walivyo. Ndiyo maana mimi naendelea kusimama kwenye sheria: ukomo wa muhula, ukaguzi wa hesabu, baraza lenye meno. Mioyo tumwachie Mungu.

#25 Katekista wa Mpakani

Tumsifu Yesu Kristo.

Sauti ya Nne, kwetu Alhamisi Kuu wale kumi na wawili wanakuja miguu imeshasuguliwa na kupakwa mafuta, soksi mpya. Paroko anaosha miguu safi. Nimewaambia mara kadhaa waje walivyotoka shamba, wanaona aibu.

Sheria Kwanza, nakupinga kidogo. Mabaraza tunayo na katiba tunazo. Nimehudumu chini ya maparoko kadhaa na karatasi zilikuwa zile zile. Mmoja akiingia kikaoni anaanza kusema yeye, akimaliza hakuna wa kuongeza. Mwingine alikuwa na kawaida ya kusema wa mwisho. Anaanza na mtu mdogo kuliko wote, mara nyingi mtoto wa utoto mtakatifu (chama cha watoto kanisani) au mama mfagiaji, na anaandika wanachosema kwenye daftari lake mwenyewe. Kikao kinachofuata anafungua daftari: hili nimelifanya, hili limenishinda, hili sikubaliani nalo kwa sababu hii. Alikuwa mkali, tena wa sauti kubwa. Kwa kipimo cha "anaongea taratibu" angefeli.

#26 Mzee wa Usharika

Katekista, ubarikiwe kwa hilo daftari.

Mmenikumbusha Wagalatia 2. Paulo anasema Kefa, yaani Petro, alipofika Antiokia alishindana naye uso kwa uso, mbele ya watu wote, kwa sababu aliacha kula pamoja na watu wa Mataifa. Paulo hatuambii Petro alijibu nini. Lakini waraka wa pili wa Petro, 3:15, unamtaja "ndugu yetu mpenzi Paulo". Aliyemwaibisha hadharani anaitwa mpenzi. Mama Jumuiya, kipimo chako kimo humo.

#27 Sheria Kwanza

Mzee, wataalamu wengi hawakubali kwamba waraka ule uliandikwa na Petro mwenyewe. Ushahidi wako unategemea hilo.

#28 Mzee wa Usharika

Hata ukiandikwa na wanafunzi wake, ina maana walimkumbuka mwalimu wao kama mtu ambaye angesema hivyo. Kwangu inatosha.

#29 Moto wa Jioni

Hapana Mzee, kwa hilo siwezi kukaa kimya. Waraka unaanza kwa jina la Petro, ni wa Petro. Msianze kunyofoa Biblia kwa sababu ya kushinda hoja.

Katekista, swali: yule paroko wa daftari alihamishwa?

#30 Katekista wa Mpakani

Alihamishwa. Aliyemfuata tulimwonyesha utaratibu. Amekubali kusema wa mwisho, ila daftari bado. Tunaendelea kumwomba.